Sikukuu ya Jamhuri Katika Nchi ya Ugeni

Mtu aliye kwao hajui thamani ya sikukuu. Siku ikifika huvaa nguo zake nzuri, huenda uwanjani kutazama askari wakipita, hurudi nyumbani akala pamoja na watu wake, na kesho yake huenda kazini kama kawaida. Lakini mtu aliye ugenini, sikukuu ya kwao haimfuati huko. Huamka asubuhi akaona watu wa mji wanakwenda kazini kama siku zote, maduka yamefunguliwa, wala hapana bendera mahali po pote. Akitaka sikukuu ni lazima aifanye mwenyewe kwa mikono yake.

Mimi nalikaa ugenini miaka miwili, na katika miaka hiyo nalifanya Sikukuu ya Jamhuri mara mbili pamoja na wenzangu. Ya kwanza ilituharibikia, na ya pili karibu isifanyike. Habari zake ndizo ninazotaka kuwaeleza wasomaji, kwa kuwa naona zina faida kwa wale wanaosafiri na kwa wale wanaobaki nyumbani.

MJI WA WAKULIMA

Mwezi wa Septemba 2007 nalipelekwa kujifunza mambo ya kilimo katika mji wa Wageningen, nchi ya Uholanzi. Ni mji mdogo kando ya mto Rhine, si mbali na Arnhem. Gari moshi halifiki huko; msafiri hushuka katika kituo kilicho upande wa Ede, kisha hupanda basi. Hata hivyo jina la mji huo lajulikana na mabwana shamba wa dunia nzima, kwa sababu ya chuo chake cha kilimo ambacho asili yake ni shule ya Serikali iliyofunguliwa mwaka 1876. Nalikuta humo watu wa Ethiopia, Ghana, Uchina, Indonesia na Mexico, wote wamekuja kujifunza habari za udongo, mbegu, maji na mifugo.

Sisi Wakenya twalikuwa saba. Wenzangu wengi walikuwa vijana, hata wakaniita Mzee ingawa nalikuwa na miaka arobaini na mmoja tu. Mimi nalipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane, naye alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini. Wenzangu walikaa katika nyumba kubwa ya wanafunzi, ambamo watu kumi na zaidi hutumia jiko moja.

Kati ya vijana hao walikuwamo wawili walioshibana sana. Mmoja alitoka upande wa ziwa, na mwingine alitoka upande wa milima. Sitataja makabila yao, maana msomaji ana akili. Yule wa kwanza alikuja na sufuria kubwa kutoka nyumbani, na yule wa pili alikuja na mwiko wa mti aliopewa na mama yake. Basi walikuwa wakisema kwa mzaha kwamba wao ni mke na mume, kwa kuwa hapana awezaye kupika ugali bila mwenzake.

CHAKULA CHA NG'OMBE

Tarehe 12 Desemba 2007 ilipokaribia, twalikubaliana kuifanya sikukuu yetu. Vijana wetu wa leo huenda wakasahau kwamba siku hiyo ina mambo mawili. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa mara ya kwanza, na mwaka mmoja baadaye, siku ile ile ya mwaka 1964, nchi yetu ikawa Jamhuri.

Shida ya kwanza ilikuwa unga. Nalimwuliza mwanafunzi mmoja Mholanzi mahali pa kupata unga wa mahindi, naye akacheka akaniambia, "Kwetu mahindi ni chakula cha ng'ombe." Na kweli ndivyo ilivyo. Wakulima wa huko hupanda mahindi mashamba kwa mashamba, lakini huyakata yangali mabichi, bua na majani na gunzi pamoja, wakayakatakata vipande vidogo na kuyashindilia chini ya turubai yasiingie hewa. Chakula hicho ndicho kinachowapa ng'ombe wao maziwa wakati wa baridi, nyasi zinapolala. Mkulima wa kwetu mwenye ng'ombe wawili watatu aweza kufanya vivyo hivyo, akachimba shimo dogo na kulifunika vema, ili kiangazi kisimkute mikono mitupu.

Basi kijana mmoja alipanda gari moshi mpaka Amsterdam, katika mtaa wa Bijlmer, ambako wanakaa watu wengi wa Surinam na wa Ghana. Huko aliona maduka yanayouza unga mweupe wa mahindi, mihogo, ndizi za kupika, na hata samaki wakavu. Alirudi na kilo kumi mgongoni, naye alipokewa kama shujaa.

Jioni ile twalikula vizuri, lakini mazungumzo yalikuwa mabaya. Uchaguzi wa nyumbani ulikuwa tarehe 27 Desemba, na kila mtu alikuwa na chama chake. Kwanza watu walicheka, halafu walipaza sauti, na mwisho maneno yalitoka ambayo hayafai kusemwa mbele ya chakula. Mimi niliyekuwa mkubwa wao nalinyamaza, nikidhani ni mambo ya vijana. Hilo lilikuwa kosa langu, nami nalikiri hapa. Tuliagana bila kuimba wimbo wa Taifa.

SUFURIA NA MWIKO

Wasomaji wote wayajua yaliyotokea baadaye. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na moto ukawaka katika nchi. Hata mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, kwa msaada wa Bwana Kofi Annan, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekwisha kufa, na malaki wamefukuzwa katika nyumba zao.

Sisi tuliokuwa mbali hatukuguswa na jiwe wala na moto, lakini nawaambieni kwamba kuwa mbali si salama ya moyo. Usiku kucha watu walikuwa wakipiga simu ambazo hazikujibiwa. Mwenzetu wa milimani alipata habari kwamba nyumba ya mjomba wake karibu na Eldoret imeteketezwa pamoja na zizi na ng'ombe ndani yake. Mwenzetu wa ziwani alikuwa na mdogo wake aliyefanya kazi katika mashamba ya maua Naivasha. Siku nyingi hakupata habari zake. Kisha akazipata, akafunga mlango wa chumba chake.

Kutoka siku ile wale wawili hawakusalimiana tena. Kila mmoja alipika kwa saa yake, na akimkuta mwenzake jikoni alirudi chumbani akingoja. Sufuria ilikaa katika kabati la huyu, na mwiko katika kabati la yule. Miezi mingi ilipita, na katika nyumba ile ugali haukupikwa. Sisi wengine nasi tuligawanyika kidogo kidogo, wengine huku na wengine huku, wala hapana aliyesema neno.

DAKIKA MBILI ZA KIMYA

Ilipofika tarehe 4 Mei 2008, yule mama mwenye nyumba yangu alinialika twende naye mjini. Siku hiyo Waholanzi huwakumbuka watu wao waliokufa vitani. Saa mbili kamili za usiku nchi nzima hunyamaza dakika mbili. Magari husimama, baiskeli husimama, na watoto nao hunyamaza. Nalisimama katika kundi kubwa la watu, nikasikia ndege tu mitini.

Kisha usiku wa manane, inapoingia tarehe 5, mambo hugeuka. Hiyo ndiyo sikukuu yao ya kukombolewa, na Wageningen ndipo mahali penyewe, kwa maana katika hoteli moja ya mji huo, iitwayo Hotel de Wereld, tarehe 5 Mei 1945, mkuu wa majeshi ya Wajerumani katika Uholanzi aliitwa mbele ya Jenerali Foulkes wa Kanada kwa mazungumzo ya kusalimu amri. Basi kila mwaka moto huwashwa mbele ya hoteli ile, na vijana huuchukua kwa mienge, wakakimbia nao usiku kucha kuupeleka katika miji yao. Asubuhi yake huwa ni ngoma na shangwe.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nalimwuliza yule mama kwa nini hawaanzi na shangwe. Akaniambia ya kuwa alikuwa mtoto wa miaka minane watu wote wa Wageningen walipohamishwa mwezi wa Oktoba 1944, kwa sababu vita vilikuwa vimefika mtoni. Waliporudi walikuta nyumba zimevunjika. Tena walikuta jirani zao, na baadhi ya hao walikuwa wamesimama upande wa adui. "Je, mliishi nao vipi?" nikamwuliza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Si vizuri sana mwanzoni. Lakini twaliona kwamba mtu hawezi kucheza ngoma na jirani yake kabla hajamwambia ni nani aliyekufa katika nyumba yake. Kwa hiyo tarehe 4 huja kabla ya tarehe 5."

Maneno hayo yalinikaa moyoni miezi saba.

KUWAALIKA WENZANGU

Mwezi wa Novemba nalikwenda katika ile nyumba ya wanafunzi, nikaanza na kijana wa ziwani. Nalimwambia, "Ndugu yangu, Jamhuri inakuja. Nataka tukutane sote." Akanijibu kwa adabu, "Mzee, nakuheshimu, lakini nitasherehekea nini? Na nitakula na nani?" Nikamwambia kwamba sikumwita kusherehekea kwanza, bali kukumbuka. Hakunijibu.

Nikaenda kwa kijana wa milimani. Yeye alikasirika akasema, "Yule hata pole hakunipa." Nikamwuliza, "Na wewe ulimpa pole ya nini?" Akasema, "Pole ya nini? Yeye alipotewa na nini?" Hapo ndipo nilipotambua kwamba hajui. Walikaa chini ya paa moja karibu mwaka mzima, ukuta mmoja kati yao, na habari za msiba hazikupita. Sikumweleza, kwa kuwa haikuwa habari yangu. Nalimwambia tu, "Njoo, nawe uje na mwiko."

Yule mama alitoa nyumba yake, akisema kwamba ni nyumba ya mtu asiye wa upande wo wote. Pia alitupa mboga. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani ndogo, na ndani yake imepandwa mboga ambayo kwa lugha yao jina lake maana yake ni kabeji ya mkulima. Nilipoiona nalicheka peke yangu, kwa kuwa ni sukuma wiki, ila majani yake yamejikunja kama nywele. Sukuma wiki, kabeji na koliflawa ni watoto wa mmea mmoja. Wao hungoja kwanza jalidi iipige ndipo waivune, kwa maana baridi huifanya iwe tamu zaidi. Kisha huiponda pamoja na viazi, na mtu wa kwetu akikiona chakula hicho atasema ni mukimo, ila mahindi hayamo.

JIONI YA TAREHE 12

Siku ile ya mwaka 2008 ilikuwa Ijumaa. Saa kumi na nusu jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na barabara zilikuwa na utelezi. Nalikaa dirishani kama mtu anayengoja mvua. Wanne walifika pamoja. Baadaye akaja kijana wa milimani, mwiko wake umefungwa katika gazeti. Tulikaa karibu nusu saa, na mimi nalikwisha kukata tamaa, ndipo tuliposikia baiskeli ikiegemezwa ukutani. Kijana wa ziwani aliingia, ameikumbatia sufuria. Alitusalimu wote kwa pamoja, bila kumtazama mtu.

Mmoja wetu alikuwa na bendera ndogo ya Kenya, tukaitundika juu ya meko. Yule mama akauliza maana ya rangi zake, na kijana wa milimani, aliyekuwa karibu, akaanza kumweleza: nyeusi ni watu wa nchi, nyekundu ni damu iliyomwagwa kwa ajili ya uhuru, kijani ni ardhi na mali yake. Alipofika kwenye ile mistari myeupe, ambayo ni amani, alinyamaza kidogo kabla ya kulitamka neno lenyewe. Sote twaliona.

Ndipo niliposimama nikawaeleza habari ya tarehe 4 na tarehe 5. Nikasema, "Tutanyamaza dakika mbili. Baada ya hapo, kila aliye na mtu wake amtaje, ama kitu chake akitaje. Hapana atakayejibu, wala hapana atakayesema ni kosa la nani. Kisha tutapika."

Dakika mbili ni nyingi sana, wasomaji wangu. Zilipokwisha, binti mmoja alimtaja shangazi yake aliyekuwa angali katika hema Nakuru. Kijana wa milimani alitaja nyumba ya mjomba wake, akataja na ng'ombe kwa majina yao, maana alikuwa akiwakama tangu utoto. Kisha kukawa kimya. Kijana wa ziwani alitazama chini, akataja jina la mdogo wake, akasema alikuwa na miaka ishirini na miwili, akaketi.

Kijana wa milimani alisimama. Alisema kwa sauti ndogo, "Sikujua." Mwenzake akasema, "Najua kwamba hukujua." Hapana aliyesema zaidi. Baadaye kidogo naliwaona jikoni, mmoja ameishika sufuria kwa kitambaa isizunguke, na mwingine anasonga. Hawakuwa wakizungumza, lakini ugali uliiva.

Tulikula ugali, mboga za yule mama, na nyama ya mbuzi tuliyoipata kwa mwuza nyama Mturuki. Yule mama alitaka uma. Tukamwonyesha namna ya kula kwa mkono, naye akajitahidi. Mwisho tuliimba wimbo wa Taifa. Tuni ya wimbo huo ilitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, huko mto Tana. Basi haukuwa wa upande wa huyu wala wa yule, na sote saba tuliujua.

Sitasema uwongo kwamba wale wawili walirudi kuwa kama zamani. Hawakurudi. Lakini tangu siku ile walisalimiana, na sufuria na mwiko vilikaa jikoni, mahali pa watu wote, mpaka tulipoondoka mwaka 2009.

MASHAURI KWA WASAFIRI

Kwa hayo niliyoyaona, napenda kutoa mashauri machache kwa wale wanaokwenda nchi za ng'ambo kwa masomo au kwa kazi.

Kwanza, msiache sikukuu ya kwenu ipite kimya kwa sababu mko wachache au hamna pesa. Ugali na mboga vyatosha. Mtu asiyekumbuka siku ya kwao hubaki kama mti uliong'olewa.

Pili, tafuteni vyakula mapema. Katika miji mikubwa ya Ulaya yapo masoko ya watu wa Afrika, ya Waturuki na ya Wahindi, nanyi mtapata karibu kila kitu. Tazameni pia bustani za wenyeji. Huenda mboga ya kwenu inalimwa huko kwa jina jingine.

Tatu, waalikeni wenyeji. Mgeni akiketi kati yenu hujizuia kusema maneno mabaya, tena atawauliza maswali ambayo ninyi wenyewe mmeacha kuulizana.

Nne, na hili ndilo kubwa, kama kuna msiba kati yenu, msiufunike kwa nyimbo. Utajeni kwanza, ndipo mle. Sisi tulikaa mwaka mzima kila mtu akidhani kwamba yeye peke yake ndiye aliyefiwa.

Leo mimi ninalima kwetu. Nyuma ya nyumba ninayo mistari miwili ya ile kabeji ya mkulima, kutokana na mbegu alizonipa yule mama siku ya kuagana. Haiwi tamu kama ya kwake, kwa kuwa jalidi kwetu ni haba, lakini watoto huila. Na kila mwaka ifikapo tarehe 12 Desemba, kabla hatujakaa mezani, tunanyamaza dakika mbili. Mwanangu mdogo aliwahi kuniuliza kwa nini jirani zetu hawafanyi hivyo. Nalimwambia kwamba kila nyumba ina desturi yake, nasi tulijifunza hii katika nchi ya baridi, tulipokuwa mbali na kwetu.